Kivuli cha bluu kwenye gauni jeupe: Monet aliona kweli au alibuni?

MchoraBango:
Wadau habari za jioni. Riziki yangu ni mabango ya saluni na vinyozi. Kivuli kwangu ni rangi ileile na nyeusi kidogo, kazi imekwisha. Juzi nimeikuza kwenye simu picha ya Monet, yule mchoraji Mfaransa, "Wanawake Bustanini" ya 1866, mpaka ikabaki madoa matupu. Yule dada aliyekaa chini na mwavuli, gauni lake ni jeupe, lakini penye kivuli pamejaa bluu na zambarau. Shati langu kwenye kamba nalitazama, naliona jeupe tu! Sasa nani anadanganywa hapa?

BiBrashi:
Hajabuni, kaka. Mti ukizuia jua, gauni bado linapata mwanga wa anga, na anga ni la bluu. Mchana wa jua kali tandaza karatasi nyeupe nje, simamisha chupa juu yake, kisha chungulia kivuli kupitia tundu la ngumi yako. Na uso wa yule dada uangalie tena: unapata mwanga kwa chini, unaodunda kutoka kwenye gauni. Ungetia nyeusi pale ungemzika.

Kapi na Kamba:
Niongezee. Kanvasi ile ina kimo cha zaidi ya mita 2.5, na jamaa alitaka kuichora nje hukohuko kwenye jua. Akachimba mtaro bustanini, huko Ville-d'Avray karibu na Paris, akawa anaishusha humo kwa kapi ili afikie juu bila kuhama alipokaa. Mwaka 1867 Salon ya Paris, yale maonyesho makubwa ya sanaa, wakaikataa. Rafiki yake Bazille ndiye aliyemwokoa: aliinunua faranga 2,500, akilipa 50 kila mwezi.

MchoraBango:
Hamsini hamsini! Miezi 50 hiyo, kama friji ya mkopo.
Bi, nimejaribu leo saa nane, karatasi ya daftari la mtoto na chupa ya tina. Bluu ipo, wallahi, japo imefifia. Mke wangu kaniuliza nachungulia nini kwenye ngumi. Kesho nina bango la kinyozi, mteja kavishwa shuka jeupe. Nimeshanunua kopo la bluu. Je, mwenye duka akidhani nimemwagia wino?

BiBrashi:
Usiitie kavu kutoka koponi, itang'aa kama geti jipya. Changanya na nyeupe nyingi, tone la nyekundu, kisha rudi nyuma hatua kumi ndipo uitazame.