Clausthal-Zellerfeld: walitoaje maji kwenye mashimo marefu kabla ya dizeli na umeme?

Duara_Ruangwa
Habari za jioni wakuu. Naandaa maelezo kwa kikundi cha wachimbaji wadogo wa dhahabu huku Ruangwa. Kifuku kikishika, maduara (mashimo yetu ya kuchimbia) yanajaa maji, pampu inakunywa mafuta usiku na mchana, na wengine wanayaacha kabisa hadi Juni. Kila ukisoma habari za uchimbaji wa zamani unakutana na mji wa Clausthal-Zellerfeld, Ujerumani, kwamba walishuka mamia ya mita kabla mashine ya mvuke haijawafikia. Uko wapi hasa, na walichimba nini? Maji waliyatoaje? Na kipi kati ya hayo kinafaa kwetu? Naomba miaka na vipimo.

Jiografia_Newala
Mkuu, tuanze na ramani, maana mji ule huwezi kuuelewa bila kujua ardhi yake. Uko kwenye milima ya Harz, jimbo la Niedersachsen, kusini mwa mji wa Goslar. Umekaa juu ya uwanda ulio karibu mita 600 kutoka usawa wa bahari, na pembeni mabonde yamekatwa kwa kina. Mtu wa Newala angeizoea sura hiyo mara moja: watu juu, maji chini. Tofauti ni mbili. Sisi tunapata karibu milimita 1,000 za mvua, zote zikibanana kati ya Novemba au Desemba na Aprili. Wao wanapata karibu milimita 1,300 zilizotawanyika mwaka mzima, na theluji juu yake. Halafu mchanga wa uwanda wa Makonde unameza maji, wakati mwamba wa Harz ni mgumu na umeshikamana, kwa hiyo maji yanabaki juu na unaweza kuyakinga.

Madini yao yalikuwa risasi yenye fedha ndani yake, zinki, na shaba kiasi. Mishipa ya madini imesimama karibu wima. Ndiyo sababu hawakuweza kutanuka pembeni wakamaliza. Ilibidi kushuka, na ukishuka unakutana na maji.

Historia kwa kifupi. Watawa wa monasteri ya Cella ndio waliotangulia, kazi ikafa baada ya tauni ya karne ya 14. Katika karne ya 16 watawala wakatangaza kile kinachoitwa uhuru wa uchimbaji: anayekuja kuchimba anasamehewa kodi kadhaa na utumishi wa jeshi, anapewa haki ya soko na ya kukata miti. Wachimbaji wakahamia kutoka milima ya Erzgebirge iliyoko Saksonia, na lahaja waliyokuja nayo iliendelea kusikika Harz ya juu kwa karne nyingi. Ikazaliwa miji saba ya madini: Clausthal, Zellerfeld, Andreasberg, Altenau, Lautenthal, Wildemann na Grund.

Clausthal na Zellerfeld ilikuwa miji miwili chini ya watawala tofauti, ikitenganishwa na kijito cha Zellbach tu. Iliunganishwa mwaka 1924. Upande wa Zellerfeld mitaa imenyooka kama imepigwa rula, kwa sababu mji uliungua mwaka 1672 ukapimwa upya. Upande wa Clausthal kuna kanisa la mbao la mwaka 1642, moja ya makanisa makubwa ya mbao Ujerumani. Migodi ya mjini ilifungwa 1930. Leo mji una takribani watu 15,000 na unaishi kwa chuo kikuu cha ufundi, ambacho mizizi yake ni mafunzo ya madini yaliyoanza 1775.

Fundi_Pampu_Lindi
Nachukua swali la maji. Shika kwanza hili: walitumia maji kutoa maji. Maji ya mvua yalikingwa kwenye mabwawa juu ya mlima, yakapelekwa kwa mifereji hadi mgodini, yakaangukia gurudumu kubwa la mbao lenye kipenyo cha hadi mita 12, na gurudumu likavuta fito zilizoshuka shimoni kuendesha pampu. Magurudumu mengi yalikuwa ndani ya ardhi, kwenye vyumba vilivyochongwa kwenye mwamba, ili maji yale yale yaangukie gurudumu la kwanza, kisha la pili chini yake, kisha la tatu. Pale ambapo gurudumu lilikuwa mbali na shimo, fito za mbao zilipita juu ya ardhi mamia ya mita, zikisukumwa mbele na nyuma.

Mtandao mzima wa Harz ya juu ulifika mabwawa zaidi ya 100 na mamia ya kilomita za mifereji. UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2010, pamoja na Goslar na mgodi wa Rammelsberg ambao ulikuwamo tangu 1992. Bwawa kubwa la zamani ni Oderteich, lililojengwa 1715 hadi 1722 kwa ajili ya Andreasberg. Linashika karibu mita za ujazo milioni 1.7, na hadi mwisho wa karne ya 19 Ujerumani haikuwa na bwawa la kulizidi.

Sasa ufundi wenyewe, ambao naona ndio mali. Tuta walilijenga kwa udongo na mawe, lakini kinachozuia maji ni matofali ya majani: mabonge ya nyasi yaliyokatwa pamoja na mizizi na udongo wake, yakapangwa tabaka kwa tabaka na kushindiliwa. Mwanzoni waliyaweka upande wa maji. Bwawa likipungua, yanakauka, yanapasuka, na kuyarekebisha lazima umwage bwawa. Kuanzia karne ya 18 wakayahamishia katikati ya tuta, ambako hayaoni jua wala mawimbi.

Bomba la kutolea maji lilikuwa gogo la mwaloni lililotobolewa, likipita chini ya tuta. Mti ukilowa na kukauka kwa zamu unaoza. Ukikaa ndani ya maji siku zote unadumu karne. Kwa hiyo mwisho wa bomba walichimba kishimo ambamo maji hupanda kwanza kabla ya kutoka, na bomba likabaki limejaa muda wote hata likiwa limefungwa.

Mfereji ulizunguka ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana. Ukiweka mteremko mkali, maji yanakula kingo na unapoteza kimo ambacho gurudumu linakihitaji. Kila baada ya umbali fulani kulikuwa na mlango wa kumwaga maji ya ziada, maana mvua kubwa ikikuta mfereji umejaa, ukingo unavunjika sehemu moja na maji yote yanaondoka hapo. Bonde lilipokatiza njia walijenga tuta la kuvukia: Sperberhaier Damm, la miaka ya 1732 hadi 1734, lina urefu wa karibu mita 940.

Nusu ya pili ya akili yao ni handaki la kutolea maji. Pampu haikupandisha maji hadi juu ya ardhi. Iliyafikisha kwenye handaki lililotobolewa kutoka bondeni, na kuanzia hapo yakatoka yenyewe. Tiefer-Georg-Stollen lilichimbwa 1777 hadi 1799. Ernst-August-Stollen, 1851 hadi 1864, linatokea Gittelde na linapita karibu mita 400 chini ya uwanda wa Clausthal. Ukihesabu na matawi yake ni zaidi ya kilomita 30. Kwa kiasi kile kile cha maji, kuyapandisha mita 100 kunakula nguvu mara mbili ya mita 50. Kila mita uliyoikata kwa handaki ni mafuta ambayo hutayachoma tena.

Duara_Ruangwa
Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Fundi, hayo matofali ya majani yanawezekana huku? Na watu na mawe walipandaje kutoka mita zote hizo?

Fundi_Pampu_Lindi
Kwa majani nakushauri usiige. Jua letu na mchwa vitayamaliza, na kiangazi chetu ni kirefu mno. Tumia mfinyanzi ulioshindiliwa ukiwa na unyevu, tabaka za sentimita 15 hadi 20, na uuweke katikati ya tuta kama wao walivyojifunza. Kichaka au mti usiote juu ya tuta. Mizizi ikioza inaacha njia ya maji.

Kamba_na_Winchi
Kuhusu kupanda, hapa mji ule unastahili heshima ya dunia nzima. Kamba za katani zilioza kwa unyevu, na uzito wake peke yake kwenye shimo refu ulikuwa mzigo. Minyororo ya chuma ilikatika bila onyo. Afisa wa madini Wilhelm Albert alianza kuijaribu minyororo mwaka 1829, akiitwika mzigo na kuutua tena na tena, akaona chuma kinachoka hata kama mzigo haujazidi. Mwaka 1834 akatengeneza kamba ya waya na kuitumia kwenye shimo la Caroline pale Clausthal, lenye kina cha mita 484. Ilikuwa na nyuzi tatu, kila uzi waya nne, kila waya milimita 3.5. Faida yake kubwa: waya mmoja ukikatika unauona, kamba nzima bado inashika.

Katika kamba ya Albert, waya na nyuzi vimesokotwa kuelekea upande mmoja. Inastahimili msuguano, lakini mzigo unaoning'inia huru unaifumua kwa kuzunguka. Kwa ndoo ya duara isiyo na reli za kuiongoza, nunua ile yenye msokoto wa kupishana. Na usiizungushie kwenye roda ndogo. Kinachoivunja waya ni kukunjwa, mara nyingi kabla ya mzigo.

Watu nao baada ya zamu walikuwa wakipanda ngazi kwa muda unaofikia saa mbili. Mwaka 1833, kwenye shimo la Spiegelthal, wakafunga fito mbili zenye vikanyagio, moja ikipanda wakati nyingine inashuka. Mchimbaji anahama kutoka fito hii kwenda ile kila zinapokutana, na anapanda bila kutumia miguu sana.

Afya_Migodini_Mtwara
Ongezeni na upande wa hasara. Mawe yalipondwa kwa mitambo ya maji, mchanga uliobaki ukaachwa uende mtoni Innerste. Mafuriko yakausambaza mashambani kilomita nyingi nje ya milima, ukiwa na risasi, zinki na kadimiamu. Kiwanda cha kuyeyusha risasi cha Clausthal kilifungwa 1967, lakini udongo wa bonde lile una risasi hadi leo, kwa sababu metali ya aina hiyo haiozi. Kwa hiyo mkuu, mwalo (pa kuoshea dhahabu) na marudio (mchanga unaobaki) yawe juu ya alama ya mafuriko, mbali na mto, na yazungushiwe tuta. Zebaki ya kukamatia dhahabu ndiyo usiikaribishe kabisa kwenye maji.

Dokezo la pembeni: Robert Koch, aliyetangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alizaliwa Clausthal mwaka 1843, baba yake akiwa afisa wa migodi. Alifanya utafiti wa malaria Dar es Salaam 1897 na 1898. Vumbi la mwamba linaharibu mapafu na kumfungulia kifua kikuu mlango, basi chorongeni (toboeni) mwamba ukiwa umelowa.

Duara_Ruangwa
La mwisho. Pampu yetu ya kufyonza iko juu, maji yako mita 15 chini, inanguruma tu haivuti. Tuishushe injini shimoni?

Fundi_Pampu_Lindi
Hapana, ndugu yangu, injini isishuke. Moshi wake unaua watu kimya kimya, na anayemfuata mwenzake kumwokoa anaanguka naye. Kufyonza kuna kikomo: hewa inasukuma maji mita 10 tu hata pampu ikiwa mpya, na kwa kazi ya kila siku tegemea 7. Hata Harz walipanga pampu moja juu ya nyingine, kila moja kama mita 10, kila moja ikimwaga kwenye beseni la inayofuata. Kwako weka pampu ya kuzamisha ya umeme, jenereta ibaki juu, upande ambao upepo hauleti moshi mdomoni mwa shimo. Mdomo wenyewe uinue nusu mita kwa matimba (magogo ya kushikilia kuta) na mfinyanzi, na upande wa mlimani chimba mtaro wa kukinga maji ya juu. Fanya hivyo kabla ya Novemba, kisha pima ni ndoo ngapi zinazoingia kwa saa moja ndipo uchague ukubwa wa pampu.