Tupeane uzoefu: kiwanja cha watoto mtaani kwenu kilitengenezwaje, na aliulizwa nani?

Mwanzisha mada, Temeke, Dar es Salaam

Wadau, salaam. Mtaani kwetu tumehangaika na kiwanja kimoja cha watoto mwaka mzima na miezi minne, na nimeona niandike yaliyotupata kabla hayajanitoka kichwani. Nanyi leteni ya kwenu. Nataka hasa kujua hili: mlipoamua bembea ikae wapi na mti gani ubaki, aliulizwa nani?

Kwenye mchoro wa mipango miji kiwanja chetu ni eneo la wazi, ila kwa miaka mingi upande mmoja kilikuwa jalala na upande wa pili gereji bubu. Katikati vijana walipiga chandimu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaitisha mkutano. Mikutano yetu mnaijua: wanaume wamekalia viti vya mbele, kina mama wamesimama nyuma na watoto mgongoni. Nusu saa ikaishia kwenye ubishi kama goli liwe la bomba au la mti. Ikapitishwa uwanja wa mpira, basi. Ndipo mama mmoja wa kikoba akanyoosha mkono: "Na watoto mmewauliza?" Kimya.

Jumamosi iliyofuata tukakusanya watoto kama arobaini, tukawapa chokaa, tukawaambia kila mmoja achore chini kitu anachokitaka, palepale anapokitaka. Wavulana wakachora magoli. Wasichana wakachora viwanja vya rede, tena kandokando ya ukuta, maana mpira ukimkosa mtu ukuta unaurudisha. Binti mmoja wa miaka saba hivi hakuchora mchezo wowote. Alivuta mstari mrefu kutoka kwenye koki ya maji hadi uchochoro wa kwao, kisha akakaa juu yake. Tukamuuliza ni nini hiki. Akasema ni njia yake ya ndoo. Wakicheza mpira anapigwa, maji yanamwagika, na nyumbani anarudishwa bombani.

Nimepita pale miaka kumi na moja na ile njia sikuwahi kuiona. Tukaugeuza uwanja robo, magoli yakaacha kuelekea koki. Kazi yenyewe ilikuwa kung'oa nguzo nne na kuzisimika upya.

Kosa letu kubwa lilikuwa mtelezo. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea mzuri sana wa bati zito, tukauweka peupe ili uonekane kutoka barabarani. Siku ya tatu, saa nane mchana, mtoto akashuka nao akaungua mapaja. Nilimbeba mwenyewe kumpeleka kwa mama yake na sijui nilimwambia nini. Jioni ile ile tukauhamishia chini ya mti wa mkungu. Walio na mpango wa kuweka chuma, tafuteni kivuli kwanza. Na nati za bembea mzichomelee kabisa, la sivyo zitaishia kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Mchangiaji, Eastlands, Nairobi

Pole kwa mtoto, ndugu. Yangu ni fupi na inauma. Sisi tulianza na bembea kabla ya karatasi. Vijana walichanga, kina mama wakapika chapati za kuuza, tukafunga bembea nne mwezi wa Aprili. Agosti wakaja watu usiku na mabati, asubuhi ploti imezungushiwa ua na mtu ana hati mkononi. Watoto walisimama nje wakichungulia kwenye matundu ya misumari.

Kwa hivyo, kabla ya kununua hata mnyororo mmoja, nendeni ofisi ya ardhi mkaulize ile ploti imeandikwa nini na kwa jina la nani, muombe nakala ya ramani, mtafute bikoni, zile alama za mipaka ya ploti, zilipo. Mkizipata zizungushieni mawe yaliyopakwa rangi ili kila mtoto azijue. Tusisahau kwamba Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata walipigwa mabomu ya machozi wakidai uwanja wao wenyewe. Na kama Wangari Maathai hangesimama mwaka wa 1989, leo ndani ya Uhuru Park kungekuwa na jengo la ghorofa 60. Kesi yetu bado iko kortini. Juzi nilipita hapo, nguzo moja ya bembea inaonekana juu ya mabati.

Mchangiaji, Unguja Mjini

Assalaam alaykum. Hilo la Nairobi limenitia huzuni sana, Mungu awasimamie.

Mimi nimekulia Michenzani, kwenye majumba yale marefu. Tulipotaka kuwatengenezea watoto pahala chini ya jumba letu, wa kwanza kusema walikuwa wenye fikra ya ukuta na geti na mlinzi. Bibi mmoja akasema, mwanangu, mlinzi utamlipa hadi lini? Jengeni baraza. Tukazungushia mti baraza ya saruji, upana wa kumtosha mtu kukunja miguu. Sasa kuanzia laasiri wazee wamekaa na bao na dhumna, na hakuna mtoto anayefanya jambo pale asionekane. Mtu mgeni akija anaulizwa kwa adabu anamtafuta nani.

Hata bustani ya Forodhani, tangu ilipofunguliwa tena 2009 baada ya matengenezo ya taasisi ya Aga Khan, ukiangalia vizuri utaona watoto wanacheza pale ambapo wakubwa wana pa kukaa. Nawaomba sana, kila mnapopanga bembea, pangeni na pa kukalia bibi.

Mchangiaji, Nairobi

Naongezea kwenye chokaa ya mwanzisha mada. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, walikuwa na mradi wao wa Block by Block, ulioanza 2012, ambapo wakazi wanajenga bustani yao ndani ya mchezo wa kompyuta, Minecraft. Bustani ya Jeevanjee hapa mjini ilikuwa mojawapo ya mahali palipopangwa hivyo. Kwetu hatukuwa na kompyuta. Tulitandaza gunia, viberiti vikawa mabenchi, vizibo vya soda vikawa miti, kila mtu anasogeza. Mzee mmoja aliyekataa kuongea kwenye mkutano alisogeza kizibo kimoja mara sita bila neno. Ni mti anaouzia viatu. Tukauacha.

Mchangiaji, Vienna, Austria

Kuhusu wasichana kusogea ukutani: huku niliko, mwishoni mwa miaka ya 1990, waligundua kwamba wasichana wakifika umri wa miaka tisa, kumi, wanatoweka kwenye bustani za mtaa, wanabaki wavulana. Wakajaribu mabadiliko kwenye bustani mbili za wilaya ya Margareten, mojawapo Einsiedlerpark. Viwanja vya mpira vilivyozungushiwa wavu vikafunguliwa zaidi, kwa sababu mlango ukiwa mmoja na kundi la vijana limesimama hapo, binti hapiti. Wakaweka pia pa kuchezea voliboli na badmintoni, na pa kukaa. Wasichana wakaanza kurudi. Binti yangu anacheza kwenye bustani kama hizo na mimi, niliyelelewa Tabora nikiambiwa msichana hakai uwanjani, namtazama nashukuru.

Mchangiaji, Morogoro

Nimesoma yote hadi hapa na sijaona mtoto wangu. Ana miaka tisa, anatumia kiti mwendo. Kwenye kiwanja cha kwetu wamemwaga mchanga mwingi, mzuri kwa wanaoanguka, ila magurudumu yanazama palepale mlangoni. Kila jioni namsukuma hadi ukingoni, wenzake wanakuja kumsalimia, halafu wanakimbilia bembea. Sikulaumu mtu, mkutano ulifanyika saa nne asubuhi siku ya kazi, mimi nilikuwa sokoni.

Mwanzisha mada, kwenu kiti mwendo kinaingia?

Mwanzisha mada, Temeke

Dada, umenifanya nitoke na futi kamba usiku huu. Lango letu ni sentimita 62, tuliliacha jembamba makusudi ili pikipiki zisipite. Kiti cha kijana wa jirani nimekipima, ni 66. Na ndani tumeweka mchanga vilevile.

Nimeshaongea na fundi, Jumamosi anakata nguzo moja na kuisogeza. Pikipiki tutazizuia kwa njia nyingine. Kuanzia langoni hadi chini ya mkungu tutalaza tofali za saruji, na yule kijana amekubali kuja kutuonyesha zipite wapi. Nimemwambia mama yake mkutano utakuwa saa kumi na mbili jioni, akisharudi kazini. Nitaleta vipimo hapa Jumapili.