Bahasha ya vidonge haitaji rangi, mwenye pumu ajuaje?

Wakuu, huu mtindo wa kuhesabu vidonge kutoka kopo la 1000 na kuvitia kwenye bahasha ya kaki unaumiza watu. Kampala umeenea, vijijini ndiyo usiseme. Juu ya bahasha mgonjwa anaandikiwa "1x3", basi. Kiwanda hakitajwi, bechi (namba ya toleo la kiwandani) haitajwi, na ile karatasi inayoorodhesha rangi zilizotiwa imebaki ndani ya kopo.

Msituambie rangi ni urembo tu. Tatrazini, rangi ya njano ya limau inayotiwa kwenye dawa, huwaletea watu wachache vipele vya kuwasha au kubanwa kifua, hasa wenye pumu ambao aspirini nayo huwadhuru. Ni wachache, ndiyo, lakini kubanwa kifua si jambo la kubahatisha. Marekani, dawa za cheti cha daktari zenye rangi hii lazima zibebe onyo hilo. Sisi tunapewa bahasha.

Wala macho hayasaidii. Kidonge cha njano huenda kimetiwa oksidi ya chuma (E172) au vitamini B2 (E101), kisiwe na tatrazini hata chembe. Cha kijani chaweza kuwa nayo, kwa sababu kijani mara nyingi ni njano iliyochanganywa na buluu. Amoksilini (dawa ya jamii ya penisilini) ya miligramu 250 ni ileile, ila kiwanda kikibadilika, rangi ya ganda la kapsuli nayo hubadilika. Aliyemeza salama mwezi jana leo anavimba midomo, lawama inaiangukia dawa, na kwenye daftari lake la kliniki anaandikiwa "aleji ya penisilini" maisha yote! Hakuna aliyeuliza kuhusu ganda.

Mkiipata karatasi, tafuteni E102, CI 19140 au FD&C Yellow No. 5: zote ni tatrazini. E110, CI 15985 na Yellow No. 6 ni rangi nyingine, ya machungwa. Neno la Kiingereza "lake" likifuata, rangi ni ileile, imefungwa tu kwenye alumini. Na msimwage unga wa kapsuli kukwepa ganda. Zile za kutoa dawa polepole, zikifunguliwa na chembe zake kupondwa, dozi nzima huweza kuachiliwa kwa mkupuo.

Wauza dawa, andikeni kiwanda, bechi na namba ya rangi juu ya bahasha. Kalamu mnayo tayari mkononi. Wanunuzi, kabla hamjalipa, ombeni kopo na karatasi yake, mpige picha. Akikataa kuonyesha, msinunue.