Acheni kudai kila jaribio la SimGrid lirudiwe kwa ns-3

Wakuu, nimechoshwa na watahini wanaorudisha tasnifu za mifumo sambazi kwa sharti moja lisilo na hoja: kwamba matokeo ya SimGrid, programu ya kuigiza mifumo ya kompyuta nyingi, hayakubaliki mpaka modeli yake ya mtandao iondolewe na mahali pake pawekwe ns-3, kiigaji cha mitandao, kwa kuwa ns-3 huigiza pakiti (vipande vya data) mojamoja na hivyo, kwa madai yao, iko karibu zaidi na uhalisia. Mimi nimepewa sharti hilo kwa kazi inayohusu ugawaji wa majukumu kati ya maelfu ya kompyuta, ambamo mafaili yanayosafirishwa ni ya gigabaiti nzima.

Hebu tuhesabu. Gigabaiti 1 ikikatwa vipande vya baiti 1,460 hutoa pakiti zaidi ya 680,000, na kila pakiti huzaa matukio kadhaa katika kila ruta inayopitia, mbali na majibu ya TCP, itifaki ya kusafirisha data, yanayorudi kwa mtumaji. LV08, modeli ya kawaida ya SimGrid, huuchukulia usafirishaji huo wote kuwa mtiririko mmoja unaogawana kipimo data na mingine, na hukokotoa upya hasa pale mtiririko unapoanza au kumalizika. Linaloniudhi zaidi ni kwamba vigawo vyake (namba za kuzidishia), 13.01 kwa ucheleweshaji na 0.97 kwa kipimo data, vilipatikana kwa kuilinganisha na GTNetS, ambacho ni kiigaji cha pakiti! Anayeidai kuwa ni ya kubahatisha hajasoma ilikotoka.

Wala kuwasha ns-3 si kubadili neno moja katika amri. SimGrid yenyewe lazima ijengwe upya ikiwa imeunganishwa nayo. Faili la jukwaa, linaloeleza kompyuta na viungo vya mtandao, likiwa na njia za viungo vingi liandikwe upya kwa njia za kiungo kimoja kimoja, ili ns-3 itafute yenyewe njia ndefu. Kisha ichaguliwe aina ya TCP, kwa maana NewReno na Cubic, mbinu mbili za TCP za kudhibiti msongamano, hazitoi muda uleule foleni zinapojaa. Watahini hao hawakuuliza hata mara moja ni TCP ipi.

Swali la utafiti likiwa ni ujumbe mfupi, mwanzo wa polepole wa TCP (inapoanza kutuma kidogo kidogo) au ruta zinazodondosha pakiti, ns-3 ndiyo zana stahiki na mimi mwenyewe ningeidai. Kwa swali langu, mtahini anionyeshe kwanza ni hitimisho lipi la tasnifu linaloweza kupinduka, na kwa sababu gani ya kimtandao, ndipo adai wiki kadhaa za seva ambazo idara haina.