Hb (wingi wa damu) 10.2, mimba wiki ya 26: fefo na kalsiamu vimezwe saa ngapi?

Mama wa Kijenge
Wapendwa, habari za jioni. Mdogo wangu yuko Usa River, mimba ina wiki 26. Kliniki Hb imesoma 10.2, wakati miezi mitatu ya mwanzo ilikuwa 11.8. Anapewa fefo (kidonge cha madini ya chuma na foliki asidi) kimoja kwa siku na kalsiamu. Vyote anavimeza asubuhi kwa chai ya maziwa, maana bila chai anatapika. Pemba, ule udongo wa kula, nayo anatafuna. Mbona damu inashuka na vidonge anameza?

Mkunga Sakina
Dada, kushuka kidogo ni kawaida, kwa sababu maji ya damu huongezeka kuliko chembe nyekundu. Ndiyo maana miezi ya kati mpaka wa chini ni 10.5 badala ya 11. Lakini 10.2 imeshavuka huo mpaka, na kwenye mwinuko kama wa Arusha Hb husoma juu kidogo kuliko pwani. Msiipuuze.

Kinachomponza ni hicho kikombe. Majani ya chai hushika madini ya chuma yasisharabiwe, na kalsiamu, iwe ya kidonge au ya maziwa, huyazuia pia. Pemba hivyo hivyo, tena udongo mwingine una madini ya risasi, ambayo ni sumu. Aiache kabisa. Hamu yenyewe ya udongo mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimepungua.

Fefo aihamishie saa tatu usiku, kwa maji na chungwa. Kichefuchefu kikizidi, ale kipande cha ndizi kwanza. Kalsiamu aimeze na chakula cha mchana. Chai abaki nayo asubuhi. Choo kuwa cheusi kusimtishe, ni hiyo fefo.

Mfamasia wa Moshi
Naongezea: someni lebo vizuri. Feras salfeti 200 mg ina chuma halisi kama 65 mg tu, na kalsiamu kaboneti 1,250 mg ni kalsiamu 500 mg. Watu wengi hujumlisha namba kubwa wakadhani dozi imetosha, au wakaongeza vidonge vya dukani juu yake. Kwa upungufu uliothibitishwa, WHO hupendekeza chuma halisi 120 mg kwa siku hadi Hb irudi, ila hiyo aandikiwe kliniki.

Fundi Maji Arumeru
Kwa Usa River ulizeni na maji. Vyanzo vingi kuzunguka Meru vina floraidi nyingi, na kuchemsha hakuiondoi: maji yakipungua sufuriani, yaliyobaki yanakuwa makali zaidi. Anywe ya mvua au yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa, na makande yasipikwe kwa magadi, maana nayo yana floraidi. Meno ya mtoto huharibika zaidi akinywa maji hayo miaka ya mwanzo, kwa hiyo chanzo kitafutwe kabla hajazaliwa.

Mama wa Kijenge
Asanteni sana. Apime tena lini?

Mkunga Sakina
Baada ya wiki 4. Isipopanda na amemeza sawasawa, waangalie malaria, minyoo na sikoseli. Akihema akiwa amekaa, moyo ukimwenda mbio au Hb ikiwa chini ya 7, hospitali siku hiyo hiyo.