Ulinganisho: siku 12 za kutembea Japani, mahekalu 23 ya Tokushima, 88 ya Shodoshima au kipande cha Kagawa?

Mwendo_Pole
Wakuu, heshima zenu. Hija ya Kibudha ya mahekalu 88 ya kisiwa cha Shikoku ni kama kilomita 1,200 na kwa miguu huchukua siku 40 hadi 50. Nina siku 12 tu, mwezi wa nne. Nazipima njia tatu: mkoa wa Tokushima (hekalu la 1 hadi 23), kisiwa cha Shodoshima chenye mahekalu 88 yake, au mkoa wa Kagawa (66 hadi 88). Basi na teksi sitaki. Ipi ni hija kamili kwa muda huo, na ipi huumiza watu mapema?

Fundi_Njia
Tokushima. Shikoku ina mikoa minne, na kwa mapokeo kila mmoja ni hatua: Tokushima ni kuamsha moyo, Kochi mazoezi, Ehime bodhi (mwamko), Kagawa nirvana (ukombozi). Kumaliza mkoa mmoja kwa safari ni desturi ya zamani, wenyewe wanaiita *ikkoku-mairi*. Hakuna atakayekuona umefanya nusu nusu.

Umbali ni kama kilomita 150. Mgawanyo unaobebeka:

Siku ya 1, Ryozenji (la 1) hadi Anrakuji (la 6), kama km 16. Siku ya 2, hadi Fujiidera (la 11), km 21, ukivuka mto Yoshino kwa madaraja ya chini yasiyo na kingo. Lala Kamojima. Siku ya 3 ni Shosanji (la 12) peke yake. Siku ya 4 kushuka hadi la 13. Ya 5, mahekalu ya 13 hadi 17 yaliyokaribiana, ulale Tokushima mjini. Ya 6, la 18 na 19. Ya 7, hadi chini ya mlima wa Kakurinji (la 20). Ya 8, Kakurinji, Tairyuji (la 21), kisha Byodoji (la 22). Ya 9, hadi Yakuoji (la 23) pale Hiwasa, penye treni ya kukurudisha Tokushima.

Zinabaki siku 3 za akiba. Usizipangie kitu, mvua na miguu vitazidai.

Bahari_ya_Ndani
Naheshimu hoja ya Fundi, ila Shodoshima isipitwe haraka. Feri kutoka Takamatsu hadi Tonosho ni kama saa moja, mzunguko wote ni kama km 150, na mtu mwenye mwendo wa kawaida anaumaliza kwa siku 7 au 8. Unakamilisha mahekalu 88. Kwa anayetaka mzunguko unaofunga, hilo lina uzito.

Mengi ni vibanda vidogo vya ibada visivyo na mtu, na mengine yamejengwa ndani ya mapango ya miamba, ukiingia ni giza na mishumaa. Kasoro zake ni hizi: mihuri, ambayo hujaji hugongewa kitabuni kwa kila hekalu, kwa hekalu lisilo na mtu hugongwa kwenye hekalu jirani, kwa hiyo lazima ujue lipi kabla hujalipita. Alama za njia nyingi ni za Kijapani. Na ukitoka Tonosho na miji ya bandari, pa kulala ni pachache. Wengi hulala Tonosho na kwenda na kurudi kwa basi, jambo ambalo wewe umelikataa.

Kiatu_Kikuukuu
Kuhusu kuumia. Watu hawaumizwi na mlima, huumizwa na lami. Sehemu kubwa ya Shikoku ni barabara ya lami, na mahekalu 10 ya kwanza ya Tokushima yako karibu karibu kwenye tambarare. Mtu ana nguvu, anayamaliza yote siku ya kwanza, malengelenge yanaota, halafu anaingia njia ya Shosanji na nyayo mbichi. Mgawanyo wa Fundi ni sahihi kwa sababu hiyo hasa.

Kutoka la 11 hadi la 12 ni kama km 13, saa 5 hadi 8. Wajapani huiita *henro korogashi*, pale mahujaji wanapobiringika. Si kupanda mara moja. Unapanda hadi kama mita 745 pale Joren-an, kibanda cha ibada, unashuka hadi kama 400 kijijini, kisha unapanda tena hadi kama 700. Wanaokwama ni wale waliomaliza nguvu kwenye mpando wa kwanza wakidhani wamefika. Duka hakuna njiani. Beba chakula cha siku nzima na lita 2 za maji, toka saa moja asubuhi.

Viatu: vyepesi vya njia za milimani, nusu saizi zaidi, maana miguu huvimba. Buti ngumu za ngozi ziache. Mzigo usizidi kilo 7. Sehemu ya mguu inayopata joto ibandike plasta hapo hapo, usingoje lengelenge.

Mwendo_Pole
Asanteni. Kagawa je? Na kulala nipange vipi?

Fundi_Njia
Kagawa ni nzuri, udon (tambi nene za ngano) kila kona, na la 71 hadi 77 hutembelewa kwa siku moja. Zentsuji (la 75) ndipo alipozaliwa Kukai, yaani Kobo Daishi, mtawa ambaye hija hii hufuata nyayo zake. Lakini ni kipande cha mwisho: kuanza na nirvana bila kupita mengine hakukai vizuri. Pia unaanza na Unpenji, la juu kuliko yote, zaidi ya mita 900. Kiweke hadi utakaporudi.

Dada_Osaka
Kulala: *minshuku*, nyumba za familia, ni kama yeni 7,000 hadi 10,000 pamoja na chakula cha jioni na asubuhi. Nyingi hupokea nafasi kwa simu tu, kwa Kijapani, na fedha taslimu tu. Anza na usiku wa Shosanji kwa sababu vitanda vya eneo lile ni vichache, kisha panga mingine kuuzunguka. Ukichelewa au kughairi, piga simu, mwenyeji ameshakupikia. Mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei ni likizo kubwa ya Wajapani, kwa hiyo maliza kabla.

Pesa toa kwenye ATM za posta au Seven-Eleven. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza, na ombi linataka ratiba ya siku kwa siku: andika mji wa kila usiku kama alivyopanga Fundi.

Ofisi za mihuri hufunguliwa saa mbili asubuhi hadi kumi na moja jioni, na mhuri ni yeni 500 tangu Aprili 2024. Mahekalu 23 ni yeni 11,500. Ukifika saa kumi na moja na dakika tano, unalala hapo na kungoja asubuhi.

Bahari_ya_Ndani
Nikubali, kwa masharti yako Tokushima inashinda. Basi hesabu ya vifaa: kila hekalu lina majumba mawili, kuu na la Daishi, na kila jumba ni mshumaa 1, vijiti 3 vya udi na karatasi 1 ya jina (*osamefuda*). Kwa 23: mishumaa 46, vijiti 138, karatasi 46, za rangi nyeupe kwa anayeanza hija. Chukua 100, kwa sababu mtu akikupa chungwa, chai au sarafu njiani hukatai. Unapokea kwa mikono miwili na kumpa karatasi moja. Washa mshumaa wako kwa kiberiti chako, si kwa mwali wa mwenzako. Kengele unaigonga ukiingia, ukitoka huigongi.

Fimbo nunua pale pale Ryozenji. Ndiyo Daishi mwenyewe anayetembea nawe: ukifika pa kulala ioshe ncha kabla ya kujiosha, na juu ya daraja usiigongeshe chini, kwani inaaminika amelala chini yake.