Michezo ya zamani ya kucheza na mukono: bakiirudisha mu konsole mpya, batuachie mukono ao batupatie butoni?

Wa Kamalondo, mwenye kuanzisha mada

Jambo bandugu. Leo nataka tuongee hii maneno bila kukasirikiana. Kila mara kampuni ikichukua muchezo ya wakati ya Wii (konsole ya Nintendo ya 2006), ile ya kupiga upanga mu hewa, kutikisa, kulenga tele na manete kama vile tochi, ikiirudisha mu konsole ya sasa, bantu banagawanyika. Bamoja banasema weka butoni tu, mukono inachokesha. Bengine banasema mukitosha mukono mumeua muchezo. Miye niko na hawa ba pili, na nitasema juu ya nini.

Kwetu Wii ilifika mu 2010, ndugu ya mama aliituma kutoka Bulaya mu kartoni moja na viatu na masabuni. Konsole iko, manete mbili ziko, waya zote ziko, lakini ile baa ndogo ya kuweka juu ya tele haiko, sijui ilibakia wapi. Ukiwasha, ile alama ya mukono mu ekra haionekani, huwezi hata kuchagua muchezo vizuri. Tukakaa wiki mbili vile. Kisha jirani moja mwenye alikuwa anatengeneza maradio akatuambia ile baa haina akili yoyote, ni taa tu za infraruji (mwangaza yenye jicho haioni) ku pande mbili, kamera iko mu manete yenyewe, na buji nayo inatoa ile mwangaza, wekeni mbili. Tukaweka buji moja kushoto ya tele na ingine kuume, tukazima taa ya nyumba, na ule mukono ukatokea mu ekra, tukapiga kelele paka bantu ba nje bakakuja kuangalia. Mama alilalamika sana juu ya zile buji, zilikuwa za siku ya kukosa courant. Lakini na yeye alikuja kucheza bowling, mama mwenye hakuwahi kushika manete ya PlayStation hata siku moja, akatupa mpira ya kwanza na ikaangusha zote. Hakuna mwenye alimufundisha. Mukono yake ilikuwa inajua kutupa kintu tangu utoto.

Sasa chukueni Skyward Sword ya 2011, muchezo ya Zelda ya kupigana na upanga. Ile ilikataa kabisa kuchezwa bila MotionPlus, kile kifaa ya jiroskopi, yenye inasikia vile mukono inageuka, yenye ilitoka mu 2009. Adui anaweka upanga yake kushoto, unapiga kutoka kuume. Anaiinua juu, unakata chini. Kuko na mulango yenye jicho, unazungusha upanga mbele yake pole pole, jicho inafuata, inafuata, paka inapata kizunguzungu na mulango inafunguka. Hiyo haiko mapambo, njo muchezo yenyewe. Mu mwezi ya 7 ya 2021 balirudisha ile ile mu Switch (konsole ya Nintendo ya 2017), dola 60, na balitia njia ya butoni: unasukuma joystiki ya kuume upande wenye unataka kupiga. Na nasikia vijana banasema "sasa njo inachezeka". Inaniuma, kweli.

Wa Katuba

Yaya, heshima, lakini weye unaongea kama muntu mwenye iko na salon kubwa. Miye niko na sale ya michezo, bench mbili, tele tatu, batoto sita saba mu fasi yenye haifiki hata metre nne. Moja akisimama kupiga upanga, kiwiko inaingia mu jicho ya mwenzake. Nilisha kupima. Mwaka ya kwanza niliweka Wii, batoto bakafurahi sana siku tatu, siku ya ine kijana moja hakuvaa kamba ku mukono, manete ikaruka, tele ikapasuka katikati, na mie njo nililipa ile tele, sikumudai mutoto wa bantu. Hata Nintendo benyewe mu mwezi ya 12 ya 2006 walibadilishia bantu zile kamba nyembamba na zenye nguvu zaidi, kwa hiyo haikuwa tu hapa kwetu.

Mutoto analipa dakika kumi. Mu zile dakika kumi anataka kucheza, hataki kusimama mbele ya tele anarudisha alama katikati. Butoni unakaa, unacheza, unaachia mwenzako. Mie nachagua butoni na sitabadilisha.

Wa Ruashi

Ngoja nirekebishe kintu kimoja, ndugu wa Kamalondo, sababu mambo ya buji ni ya kweli na ni muzuri lakini umeyachanganya na Skyward Sword. Ile michezo mingi ya Wii ililenga na kamera na ile baa, hapo buji zako zilifanya kazi, na uzuri yake ni kwamba ukilenga kona ya ekra, unalenga kona ya ekra, haihami. Skyward Sword hapana. Ile tangu 2011 ilikuwa inalenga na jiroskopi, na ilikuwa inateleza kidogo kidogo na kila saa unarudisha katikati. Mu Switch ni vile vile, juu Joy-Con, ile manete ya Switch, haina kamera ya kuangalia baa, iko na jiroskopi na akselerometa ya kusikia kutikisa. Kwa hiyo bantu benye banasema konsole mpya iliharibu ile muchezo banadanganya, ile shida ilizaliwa nayo.

Fasi yenye balituibia kweli ni ingine. Resident Evil 4, muchezo ya kupiga bunduki, ilitoka mu 2005 kwa GameCube, konsole ya Nintendo ya mbele ya Wii, mu 2007 ikaenda kwa Wii, unalenga na manete, na mpaka leo kuko bantu benye banaapa ile njo njia bora ya kuicheza, na mie niko mu bale. 2019 ikafika kwa Switch. Konsole iko na jiroskopi ndani ya kila manete, na bakaleta muchezo bila kulenga na mukono hata kidogo. Joystiki tu. Hawakutosha juu inachokesha, hawakuuliza mutu. Kazi ya miaka kumi na mbili ilikuwa pale tayari na bakaiacha. Miye sigombani na butoni, nagombana na hiyo.

Wa Kampemba

Nimesoma bote, na naomba baba na bayaya munisikie kidogo.

Mukono yangu ya kuume haipandi juu ya bega. Ni ajali ya moto, iko miaka sita sasa. Vidole viko muzuri, naandika, napika, nasuka nywele ya batoto kama bakikaa chini. Lakini kupiga upanga mu hewa, siwezi, nikipima mara tano usiku silale. Nilicheza Skyward Sword mu Switch Lite ya mudogo yangu, nimekaa kitandani, na butoni. Lite unajua manete zake hazitoki, zimeshikana na ekra tangu ilitoka mu 2019, kwa hiyo bila ile njia ya butoni ile muchezo ingenikataa mara mbili, mara ya kwanza juu ya mashini na mara ya pili juu ya bega. Niliimaliza. Ilinichukua kama miezi mbili, saa ya batoto kulala, siku zenye courant iko.

Wakati unasema vijana "banaua muchezo", ndugu wa Kamalondo, mie njo uko unaniongelea. Sikuua kintu. Niliingia mu mulango yenye ilikuwa imefungwa kwangu tangu ile ajali.

Wa Kamalondo

Dada, pole sana na ajali, na nisamehe. Niliandika kama vile kila mukono inapanda. Ile neno ya vijana naitosha.

Lakini muniache niseme vizuri kile kinaniuma, juu naona nilikitupa ovyo. Siko nasema butoni itoshwe. Nasema kuko na mukono ya aina mbili na kampuni inazichanganya. Kuko na kutikisa. Donkey Kong Country Returns ya 2010, kubingirika ni kutikisa manete, kupiga chini ni kutikisa manete. Pale mukono haisemi kintu, ni butoni tu yenye balificha ndani ya kutikisa. 2013 ikaenda kwa 3DS, ile mashini ndogo ya kushika mukononi, ikapata butoni, na sikuona mutu analia, na mie sikulia. Wa Katuba iko na haki kabisa kwa ile aina. Lakini kuko na mukono yenye upande wake njo jibu. Kushoto, kuume, juu, chini, kuchoma mbele. Pale ukitia butoni unapashwa kufikiri sana, na kusema kweli kwa Skyward Sword balifikiri, joystiki iko na pande zote, swali ya adui inabakia. Nakubali. Zamani sikukubali hiyo.

Na tusisahau mara ingine mukono inaingia mu muchezo paka mu mifupa. Twilight Princess, muchezo ingine ya Zelda, ilitengenezwa kwa GameCube, shujaa yake Link anashika upanga na mukono ya kushoto. Bakaipeleka kwa Wii mu 2006, bakaona bantu wengi banashika manete na kuume, basi bakageuza dunia mzima kama mu kioo. Mashariki ikakuwa magharibi, nyumba ya kushoto ikaenda kuume. Juu ya mukono tu! Kisha 2016 kwa Wii U, konsole yenye ilifuata Wii, bakarudisha dunia fasi yake na kupiga na mukono ikatoka. Ile dunia ya kioo yenye mamilioni ya bantu balitembea ndani ilibakia tu mu Hero Mode, ile ngazi ya nguvu, bila mukono; muntu mwenye alikulia mule anapata wapi leo kioo na mukono pamoja? Anatafuta Wii ya okazioni na anaomba Mungu ile baa ikuwe ndani ya kartoni.

Njo maana nasema: mukirudisha, leteni zote mbili, mu dola ile ile. Na musifiche kintu kingine nje. Mu ile Skyward Sword HD, kupanda angani kutoka fasi yoyote na kurudi pale pale, hiyo balifungia ndani ya amiibo, ile sanamu ndogo ya Nintendo ya kugusisha ku manete, yenye inauzishwa pembeni. Muntu wa Kampemba alipe 60, kisha sanamu tena, na hapa kwetu ile sanamu hata huioni mu duka. Hapo nakasirika kushinda mambo yote ya upanga.

Wa Katuba

Kwa sanamu niko nyuma yako, yaya. Kwa sale yangu bado butoni. Ila mu congé nitarudisha Wii mu kona ya nje chini ya paa, fasi iko, na kamba ku mukono ni lazima ao unatoka.

Wa Ruashi

Kama baa yake ilipotea, unajua sasa wapi pa kuuliza buji. Mimi nakuja na ile Resident Evil ya 2007, nalinda disque mpaka leo.

Wa Kampemba

Wa Kamalondo, sikukasirika. Lakini ile mulango ya jicho umeiongelea sana na hujui niliifunguaje. Nilizungusha joystiki na kidole gumba, pole pole, na nilikuwa napumua pole pole nayo, na jicho ilianguka. Nilitetemeka mukono mzima hata kama haikupanda.

Wa Kamalondo

Sikuwahi kuipima na kidole. Jumamosi naomba Switch kwa mutoto wa shangazi, naanza tangu mwanzo na butoni paka ku ule mulango, kisha narudi hapa kusema.

Wa Kampemba

Pima. Ila funga mukono ya kuume na kitenge ku kifua kwanza, vidole tu vibakie nje.